Mama Anataka Kwenda Kanisani

Twaha alikuwa mtoni akiosha karoti. Wakulima wote wa kule juu ya mji mdogo wa Mlalo wanaijua kazi hiyo. Unamwaga karoti kwenye maji, unazisugua kwa miguu mpaka udongo utoke, kisha unazitia kwenye viroba. Maji ya mlimani asubuhi ni baridi ya kuuma mifupa. Twaha alikuwa akinung'unika peke yake, kama kawaida yake.

Mara akamwona mke wake, Nasra, akiteremka mbio. Nasra si mtu wa kukimbia. Hata mvua ikimkuta njiani, yeye hutembea tu.

"Mama amefariki?" akauliza.

"Hapana," Nasra akasema. "Mama amezungumza."

Mama yake Twaha aliitwa Saumu. Alikuwa na saratani ya tumbo. Madaktari walisema kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea na hautapona, wakamruhusu arudi nyumbani. Lakini hawakumtupa. Muuguzi mmoja, Sesilia, alikuwa akimtembelea kwa pikipiki na kumletea dawa ya maumivu. Kazi yake inaitwa tiba shufaa. Ni huduma ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautapona. Hupunguziwa maumivu, husikilizwa, na hutunzwa mwili na roho mpaka mwisho wake.

Dawa ilimsaidia Saumu. Lakini siku za karibuni alikuwa kimya. Mwanzoni alitaka kuzungumza juu ya kufa kwake. Kila alipoanza, Twaha alimkatiza. Alimwambia aache mambo hayo, atapona tu. Alisema hivyo kwa mapenzi. Mwishowe mama akachoka, akafunga mdomo.

"Amesemaje?" Twaha akauliza.

Nasra aliangalia pembeni. "Anasema anataka kwenda kanisani."

Twaha aliketi juu ya kiroba cha karoti. Hakujua hata kama ameketi.

Ni lazima tueleze kwa nini. Saumu hakuzaliwa Saumu. Alizaliwa Yudith, binti wa familia ya Kilutheri. Alipoolewa na Abdallah alisilimu, akapewa jina la Saumu. Mambo hayo ni ya kawaida katika milima ya Usambara. Huku ukoo mmoja huwa na watu wa msikitini na watu wa kanisani, na sikukuu zote wanakula pilau pamoja. Lakini Saumu alikuwa Mwislamu zaidi ya nusu karne. Ndiye aliyemfundisha Twaha kutawadha. Ndiye aliyemwamsha kula daku. Na Twaha sasa alikuwa mjumbe wa kamati ya msikiti. Aliwaza watu watasema nini. Kisha akawaza jambo lililomuumiza zaidi. Mama akifa katika dini nyingine, watakutana wapi tena?

Akaziacha karoti palepale mtoni, akapanda mlima na matope yake miguuni.

Nyumbani alimkuta mama amelala chali, amefumba macho. Baba yake, Mzee Abdallah, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Tasbihi ilikuwa mkononi. Twaha alipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Twaha. Umesema unataka nini?"

Saumu alifungua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Nipelekeni kanisani," alisema. Akavuta pumzi. "Kanisani. Kwaheri."

Twaha alihisi kama amemwagiwa maji ya mtoni kichwani. Basi ni kweli. Mama anawaaga, anarudi kwao. Akageuka kumtazama baba yake apate msaada. Mzee Abdallah alikuwa amesimama. Tasbihi ilikuwa imeanguka sakafuni. Mzee hakuiokota. Alitoka nje bila neno, akaelekea zizi la ng'ombe.

"Umeona?" Twaha alimwambia Nasra. "Baba ameumia. Habari hii isitoke humu ndani."

Nasra aliinamisha kichwa. Habari ilikuwa imekwisha kutoka. Kabla ya kwenda mtoni, alikuwa amempigia simu mjomba.

Mjomba Nathanaeli alikuwa mdogo wake Saumu na mzee wa kanisa. Alifika amevaa koti lake la Jumapili, ingawa haikuwa Jumapili. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kwapani. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomchoma Twaha. Kwa Washambaa mjomba ni mtu mzito. Humpiti mjomba bila shikamoo, hata kama umekasirika vipi. Siku hiyo Twaha hakumwamkia. Nasra alishika mdomo kwa mshangao.

"Dada yangu anarudi nyumbani," Nathanaeli alisema. "Nimemwomba Mungu jambo hili miaka yote. Nitamwita mwinjilisti aje leo."

"Hakuna mwinjilisti atakayeingia hapa," Twaha alisema. "Mama ni Mwislamu, na atazikwa Kiislamu."

Basi maneno yakaanza. Mmoja alisema mgonjwa ametamka mwenyewe. Mwingine akasema mgonjwa ameweweseka kwa sababu ya dawa. Mmoja akataja mahali pa kaburi, mwingine akataja sanda. Walibishana kitandani pa Saumu, juu ya kichwa chake, kana kwamba ameshakwenda. Nasra aliwaomba wanyamaze, hawakumsikia.

Saumu akageuza uso wake ukutani. Nasra alipomletea dawa, alibana midomo. Hakutaka dawa wala maji.

Sesilia alisikia kelele tangu alipozima pikipiki barabarani. Mwanamke huyo alikuwa na sauti kubwa na hakuwa na aibu ya kuitumia. Aliingia, akawatazama wanaume wale wawili, akawaonyesha mlango.

"Tokeni wote. Kakaeni kwenye benchi moja. Nimesema moja."

Walikaa. Hawakutazamana. Baada ya muda Sesilia alitoka, akasimama mbele yao.

"Mgonjwa anawasikia," alisema. "Hata akifumba macho, anasikia. Hata akishindwa kusema, huenda bado anasikia. Mmemzika huku anasikia."

Twaha alishtuka. Hakuwa amelifikiria jambo hilo. Alitaka kujitetea, akaanza kumweleza habari ya kanisa. Nathanaeli naye akaingilia. Sesilia aliwaacha wamalize.

"Sawa, amesema anataka kanisani. Nani amemuuliza kwa nini?"

Ng'ombe alilia zizini.

"Si nyie tu," Sesilia aliendelea, na sauti ikashuka. "Hata mimi nimekosa. Siku ya kwanza nilimuuliza Twaha mama ni dini gani. Akaniambia, nikaridhika. Sikumuuliza mama mwenyewe moyo wake unauma wapi. Mimi ni Mkatoliki. Nahudumia Waislamu, Walutheri, na watu wanaotaka tambiko la ukoo wao. Mwingine anataka sheikh. Mwingine anataka padri. Mwingine anataka tu mtu akae naye kimya. Huwezi kujua kwa kutazama jina la mtu. Unamuuliza, halafu unamwacha aseme mpaka mwisho. Usimwambie atapona wakati yeye anajua hatapona. Ukimwambia hivyo unamfungia mlango."

Twaha alitazama miguu yake yenye matope. Alikumbuka mara zote alizomkatiza mama yake. Aibu ikamshika.

Wakaingia tena, safari hii polepole. Sesilia aliketi chini karibu na kitanda, uso wake ukalingana na uso wa Saumu. Alimshika mkono. Akamwamkia upya, kama mtu aliyefika sasa hivi.

"Mama, wanasema unataka kanisani. Unataka kusali kule?"

Saumu aligeuka. Alimtazama kama anayeulizwa jambo la ajabu.

"Kusali? Mbona nasali hapahapa. Siwezi kuinama, nasali kwa macho."

Twaha alishusha pumzi ndefu. Lakini Sesilia hakuishia hapo.

"Basi huko kanisani kuna nini, mama?"

"Kuna Heri."

"Heri ni nani?"

"Mwanangu," Saumu alisema. "Yule wa kwanza."

Twaha alidhani masikio yake yana kasoro. Wa kwanza ni yeye. Yeye ndiye kifungua mimba, kila mtu anajua. Tangu utoto ameringia jambo hilo mbele ya wadogo zake. Akashika nguzo ya kitanda.

Mjomba Nathanaeli akaelewa. Kitabu cha nyimbo kilishuka taratibu mpaka mapajani.

"Kanisani," alisema. "Mungu wangu. Kanisani ni kule kwenye shamba lenu. Kwa Mashine."

Akaeleza. Zamani sana wamisionari walianza kujenga kanisa kule juu, wakaweka msingi, kisha wakahama. Watu wakapaita Kanisani. Baadaye ikaletwa mashine ya kupasulia mbao. Mashine nayo ikaondoka, na jina lake likabaki. Vijana wote wanapaita Kwa Mashine. Ni wazee tu wanaojua jina la kwanza.

"Jina hilo nilikuwa nalijua," Nathanaeli alisema. "Lakini nilisikia nilichotaka kusikia."

Na Twaha akaelewa jambo la pili, likamchoma kama mwiba. Mama hakusema kwaheri. Hakuwa akiwaaga. Alikuwa akisema anataka kupelekwa Kanisani, kwa Heri.

Saumu alianza kueleza kwa Kishambaa, vipande vipande. Alipochoka alinyamaza, na Sesilia hakumharakisha. Mtoto alizaliwa mwezi wake umetimia. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Wanawake wazee walimchukua palepale, hawakumwonyesha mama uso. Walimwambia huyo si mtoto, asimtaje. Walimwambia akilia atafunga kizazi. Hakukuwa na matanga. Hakuna aliyempa pole. Baada ya siku chache alirudi shambani na jembe.

"Nikampa jina moyoni," alisema. "Heri. Jina ambalo kwetu wangelikubali, na kwa Abdallah wangelikubali. Sijui amelala upande gani. Aliyemzika hakuniambia."

"Nani alimzika, mama?" Twaha aliuliza.

Saumu alitazama kigoda kilichokuwa kitupu karibu na mlango.

Twaha alimkuta baba yake zizini, ameegemea boriti. Mzee alikuwa analia bila sauti. Twaha hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika bibi. Alisimama pale kama mgeni, hakujua aweke wapi mikono.

"Nilielewa tangu asubuhi," Mzee Abdallah alisema. "Aliposema tu Kanisani, nilielewa."

"Mbona ulinyamaza, baba?"

"Niliambiwa nisimwonyeshe. Nilikuwa kijana, nikatii wakubwa. Halafu miaka ikapita. Kila mwaka ilizidi kuwa vigumu. Nilijua yeye anakumbuka, na yeye alijua mimi najua. Tukawa tunakula pamoja na jambo hilo liko katikati."

Twaha alitaka kumlaumu. Maneno yalifika mdomoni. Kisha akamwona mzee alivyokunja mabega, akayameza. Alimshika mkono tu, wakaingia ndani pamoja.

Twaha aliogopa kumbeba mama hadi Kwa Mashine. Alimuuliza Sesilia kama anaweza kufia njiani. Sesilia hakumdanganya. Alisema anaweza, kwa hiyo aulizwe mwenyewe. Twaha akamuuliza, na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja neno kufa mbele ya mama yake.

Saumu alitabasamu kidogo. "Kwani nikibaki hapa sitakufa?"

Basi Sesilia akampa dawa ya maumivu kwanza, wakasubiri ifanye kazi. Wanaume wa jirani walifunga machela kwa miti na mablanketi. Nathanaeli alivua koti lake la Jumapili, akamfunika dada yake, akashika mti wa mbele. Twaha alishika wa nyuma. Walipanda taratibu kati ya matuta ya karoti. Mzee Abdallah alitangulia na fimbo yake.

Shamba lile ni Twaha aliyelilima. Alilijua kila pembe. Mzee alipita matuta yote, akapita mawe ya msingi, akaenda moja kwa moja kwenye kona yenye kichaka cha masale, mmea wa kuwekea alama mipaka na makaburi. Akasimama hapo.

Kona ile Twaha alikuwa ameigombania na baba yake mara nyingi. Alitaka kuikwatua apande kabichi, baba akakataa, bila kueleza sababu. Kwa hasira Twaha akaifanya jalala. Kila msimu alitupa hapo karoti zilizooza. Sasa zilikuwa zimejaa chini ya masale, nyeusi, zinanuka.

Waliweka machela chini, Twaha akapiga magoti. Akaanza kuondoa uchafu kwa mikono. Machozi yalimdondoka na hakuyafuta. Nathanaeli alikuja akapiga magoti kando yake, akasaidia. Twaha akakumbuka deni lake.

"Shikamoo mjomba," alisema.

"Marahaba, mpwa wangu."

Mahali hapo palipokuwa safi, waliisogeza machela karibu. Mzee Abdallah aliketi kwenye udongo, kichwa chake karibu na kichwa cha mkewe.

"Yuko hapa, Saumu. Nilimlaza kwa ubavu wa kulia. Sikumtupa. Nilimwosha mwenyewe. Nilimfunga kwa kanga yako, ile mpya."

Saumu alimgeukia.

"Ile kanga niliitafuta sana," alisema. "Nikadhani imeibwa."

Akanyoosha mkono, akagusa udongo. Akaliita jina la Heri kwa sauti, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza. Kisha akalia. Majirani wawili walitaka kumbembeleza anyamaze, Sesilia akawazuia kwa kichwa. Alilia mpaka alipomaliza mwenyewe.

Twaha aliinua mikono, akaomba dua. Alipoitikiwa amina, mjomba alimuuliza kwa sauti ya chini kama naye anaweza kusema neno. Twaha alimtazama mama yake. Mama alikubali kwa macho. Nathanaeli aliimba ubeti mmoja wa Kishambaa, wimbo ambao mama yao alikuwa akiwaimbia walipokuwa wadogo. Asubuhi ile Twaha angesikia wimbo huo angepiga ukelele. Sasa alimsikia mtu anayemtuliza dada yake, basi.

Walimrudisha nyumbani salama. Siku hiyo Saumu alikunywa dawa yake, akanywa na uji. Sesilia alimuuliza, siku ikifika, anataka iwe vipi. Swali hilo Twaha alikuwa amelikimbia kwa miezi. Jibu lilikuja haraka na lilikuwa rahisi, mpaka Twaha akabaki mdomo wazi.

"Kitanda kielekee kibla. Twaha anitamkie shahada, taratibu, asinipigie kelele. Nathanaeli anishike mkono. Abdallah akae mahali ninapomwona."

Ikawa hivyo. Alifariki mchana mmoja, adhana ya adhuhuri ilipokuwa inamalizika. Twaha alimtamkia sikioni, neno baada ya neno, na midomo ya mama ikamfuata. Mjomba hakuachia mkono. Mzee Abdallah alikaa mbele yake, na ndiye mtu wa mwisho aliyemtazama.

Wanawake wa Kiislamu walimwosha na kumvika sanda. Nathanaeli na watu wa usharika wake walifika mazishini, wakachimba kaburi pamoja na vijana wa msikiti. Wakati wa sala ya jeneza walisimama pembeni kwa heshima, kofia mkononi. Hakuna aliyegombana na mtu.

Kwenye matanga wanaume waliketi mikekani uani. Walipita mmoja mmoja kumpa Mzee Abdallah pole kwa mkewe. Naye alimjibu kila mmoja kama watu wanavyojibu. Asante, nimeshapoa. Sheikh Abubakari alipita, majirani wakapita, wazee wa kanisa wakapita. Mzee aliwajibu wote kwa sauti ileile, macho makavu.

Mwishoni alikuja Nathanaeli. Aliketi mbele yake, akashika mikono yake yote miwili.

"Shemeji, pole kwa mkeo."

"Asante, nimeshapoa."

"Na pole kwa mtoto wako, Heri."

Mzee Abdallah alifungua mdomo ajibu kama alivyowajibu wengine. Badala yake akaangua kilio. Watu walitazamana. Wengi hawakujua kwamba kulikuwa na mtoto.

Mzee mmoja alianza kumwambia ajikaze, yeye ni mwanaume.

"Mwacheni alie," Twaha alisema. "Huyu amefiwa tangu zamani, na hakuna aliyempa pole."

Sheikh Abubakari aliinuka kwenye mkeka. Alirudi kwa Mzee Abdallah, akainama, akampa pole ya mtoto. Nyuma yake akainuka mwingine. Wanaume wote waliokwisha kutoa pole walisimama tena, wakajipanga, wakaanza upya.